Mpeni mtetezi kurasa zake: barua ya wazi kwa wachapishaji wa vitabu vya watoto

Kwa: Wakurugenzi wa uchapishaji, wahariri wa vitabu vya watoto na wasimamizi wa michoro

YAH: VITABU VYA PICHA KUHUSU UONEVU MIONGONI MWA WATOTO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni walimu wa madarasa ya awali, wakutubi wa maktaba za watoto na wazazi, na kazi yetu ya kila siku ni kuwasomea kwa sauti watoto wa miaka 3 hadi 8. Suala hili tumeshalileta kwenu faraghani, kwa barua na kwa vikao. Mlitushukuru kwa maoni, kisha vitabu vilivyofuata vikatoka vilevile. Ndiyo sababu leo tunaliweka hadharani, na tunaomba nanyi mtujibu hadharani.

Nia yenu hatuitilii shaka. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilieleza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni ndani ya mwezi uliotangulia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 17, unahimiza kutolewa na kusambazwa kwa vitabu vya watoto, na kifungu cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili. Kitabu kizuri kuhusu uonevu kinatumikia vifungu vyote viwili. Kinachotusikitisha ni kwamba vingi mnavyotuletea vinauonyesha uonevu kwa ufundi mkubwa, na vikifika mahali pa kutenda lililo sawa vinakuwa vimeshamaliza kurasa. Hoja zetu ni hizi.

1. Hesabu ya kurasa

Mnajua kuliko sisi kwamba kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Ukiondoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na wa kutabaruku, hadithi inabakiwa na jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Chukueni kitabu chochote cha uonevu kilichoko mezani kwenu mhesabu. Mpangilio tunaoukuta mara nyingi ni huu: jozi mbili za kumtambulisha mtoto, jozi nane au tisa za kusukumwa, kuchekwa, kunyang'anywa begi na kulia peke yake, jozi moja ya tukio linalogeuza mambo, kisha ukurasa wa mwisho wa kukumbatiana.

Mtoto wa miaka minne hangoji mwisho ndipo ayafasiri yaliyotangulia. Anaondoka na kile alichokitazama kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2013 Jamie Ostrov, mtafiti wa Marekani, na wenzake walieleza kwamba watoto wa shule ya awali waliotazama zaidi vipindi vya kuelimisha walionekana kuwa na uchokozi mwingi zaidi wa kuwatenga wenzao na kutishia kuvunja urafiki. Walivyoona wao, vipindi hivyo hutumia muda mrefu kuonyesha mgogoro na muda mfupi sana kuutatua, na mtoto mdogo haunganishi ncha hizo mbili. Huko Marekani pia, mwaka 2008, Marie-Louise Mares na Emily Acosta waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni iliyokusudiwa kufundisha kutombagua aliye tofauti, na mhusika wake alikuwa mbwa wa miguu mitatu. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi hawakulipata somo lililokusudiwa, na wapo waliosema ni kuwatendea wema mbwa wenye miguu mitatu.

Hivyo vilikuwa vipindi vya skrini. Kitabu kina nguvu zaidi kwa upande mmoja, kwa kuwa mtoto anaweza kurudi kwenye ukurasa uleule kadiri apendavyo. Na ukurasa anaourudia ndio mchoraji aliowekea rangi kali, mwendo na vichekesho. Katika vitabu vingi huo ndio ukurasa wa tusi.

2. Uonevu na ugomvi vinachanganywa

Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Watoto wawili wanaogombea mdoli mmoja hawaoneani. Kitabu kikiuita ugomvi huo uonevu, mtoto anaanza kuwaita waonevu wote waliomkatalia kitu, na neno linapoteza kazi yake siku analolihitaji kweli.

Kosa la upande wa pili lina madhara makubwa zaidi. Kitabu kinaonyesha uonevu halisi, kisha kinaumaliza kama ugomvi: mwalimu anawaketisha wote wawili, kila mmoja anaomba radhi, wanapeana mikono. Hapo mtoto aliyekuwa akiumizwa kwa wiki nzima ameombwa aombe radhi kwa kuumizwa, na akiwa mbele ya yule anayemwogopa. Mkono anaunyoosha kwa hofu, halafu kesho yake mwonevu anamlipizia kwa kufikishwa kwa mwalimu. Watoto wanaoonewa wanaujua mwisho huo kuwa si kweli. Wanakaa kimya, na baada ya hapo hawakiamini kitabu.

Kuonyesha kurudiwarudiwa hakudai kurasa nyingi. Jozi moja yenye fremu tatu inatosha: benchi lilelile, mtoto yuleyule, nguo za siku tatu tofauti, na kila fremu nafasi aliyokalia inazidi kusogea pembeni. Msomaji wa miaka mitano anaelewa kabla hujamsomea neno.

3. Sura za wahusika

Mwonevu wenu ana mwili mkubwa, nyusi nene na meno yaliyoachana, na mara nyingi yuko peke yake. Mtoto mnene darasani anajiona humo, na wenzake wanamwona humo pia. Wakati huohuo mwonevu ambaye walimu wanampenda, anayezungukwa na marafiki na anayeumiza kwa kunong'ona, haonekani kitabuni kabisa, na kwa hiyo hatambuliki darasani. Kutenga ndiko kunakochorwa kwa nadra kuliko aina zote, ingawa mchoro unakuweza vizuri sana: duara la watoto waliokaa chini, na mmoja anayesogea kuziba pengo mwenzao anapokaribia.

Mwonewa naye kila mara ana miwani, kigugumizi au ulemavu, na hadithi inaifanya tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mateso. Chanzo ni uamuzi wa anayeonea. Tunawaomba sana muitazame tena ile hadithi ambamo mtoto anakubaliwa baada ya kumwokoa mwonevu wake asizame, au baada ya kipaji chake kuishindia timu mchezo. Inamwambia mtoto asiye na kipaji cha kuokoa mtu kwamba bado hajastahili kuachwa kwa amani. Hiyo tungependa isichapishwe tena.

4. Mashauri yasiyomfaa mtoto

"Mpuuze tu." "Mjibu kwa ujasiri." "Mfanyie wema atabadilika." Mashauri haya matatu yanajaza kurasa za mwisho za vitabu vyenu. Kupuuza kunaweza kusaidia mzaha wa mara moja, lakini uonevu uliokwisha kuwa mazoea una watazamaji wanaoupa chakula, na kimya cha mwonewa hakiwaondoi. Ujasiri wa kujibu unadaiwa kwa yule hasa asiye na nguvu. Wema kwa anayekuumiza ni mzigo ambao mtu mzima mwenyewe hawezi kuubeba kila siku, sembuse mtoto wa darasa la kwanza. Mashauri yote matatu yanamwachia mwonewa kazi yote, na yakishindikana anajilaumu kwamba hakuyafanya sawasawa.

5. Watazamaji wamekuwa mapambo

Hoja hii ndiyo kubwa kuliko zote, na mtuwie radhi kwa urefu wake.

Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba katika uonevu karibu darasa zima lina nafasi: wapo wanaomsaidia mwonevu, wapo wanaomshangilia kwa kucheka, wapo wanaojiweka kando, na wapo wanaomtetea mwonewa. Nchini Kanada, Lynn Hawkins, Debra Pepler na Wendy Craig waliwarekodi watoto wakiwa uwanjani, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo. Wenzao walikuwepo katika matukio 88 kati ya kila 100. Waliingilia kati katika matukio 19 tu kati ya 100. Lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Hebu sasa fungueni vitabu vyenu mtazame nyuma ya mwonevu na mwonewa. Watoto wengine ni vichwa visivyo na nyuso, au wamechorwa wakitabasamu kwa kuwa mchoraji alihitaji ukurasa uchangamke, ilhali maneno chini yake yanasema "wote walihuzunika". Mtoto asiyejua kusoma anaiamini picha. Kwake yeye, wengine wakionewa watazamaji hufurahi.

Mtetezi anapojitokeza, huja na hotuba. Anapanda juu ya kiti na kuliambia darasa kuhusu urafiki, na darasa zima linapiga makofi. Hakuna mtoto wa miaka sita atakayefanya hivyo, wala hatupendi ajaribu. Mambo ambayo mtoto wa umri huo anayaweza ni madogo, na yanachoreka:

kwanza, kuacha kucheka na kugeuza mwili, ili mwonevu apungukiwe na mtazamaji mmoja;

pili, kusogea na kusimama ubavuni mwa mwonewa, bila kusema lolote kama maneno hayaji;

tatu, kumpa njia ya kuondoka: "Njoo, tunahitaji mtu wa kuzungusha kamba." Sentensi hiyo haimkabili mwonevu hata kidogo, inamtoa mwenzake pale;

nne, kwenda naye kwa mtu mzima, au kwenda peke yake ikiwa kukaribia kuna hatari;

tano, kumtafuta baadaye, wakati wa mapumziko au wa kwenda nyumbani, na kukaa naye.

Hatua ya tano haionekani kitabuni karibu kamwe, na watoto wanaoonewa hutuambia ndiyo wanayoikumbuka. Kila moja ya hizi ingestahili ukurasa wake. Na ya nne inahitaji uangalifu, kwa kuwa watoto wanaogopa kuitwa wachongezi. Msiwape maelezo, wachoreeni matukio mawili. Katika la kwanza mtoto anakimbia kumwambia mwalimu kwamba mwenzake amepaka jua rangi ya bluu. Katika la pili anamwambia kwamba mwenzake amefungiwa chooni. Hakuna atakayehitaji kuambiwa tofauti.

Pana na suala la kugeuza ukurasa, ambalo ni silaha ya kitabu cha picha pekee. Uamuzi wa mtetezi uwekwe upande wa kulia, mguu wake ukiwa umeinuka, matokeo yasubiri nyuma ya ukurasa. Hapo msomaji anasimama na kuuliza, "Wewe ungefanya nini?", na watoto wanajibu kabla kitabu hakijajibu. Vitabu vingi huweka swali na jibu katika jozi moja, jicho la mtoto likawa limeshatua kwenye jibu kabla ya swali kuulizwa. Na tafadhali, uso wa mwonewa usianguke kwenye mkunjo wa katikati. Tumeshasoma vitabu ambavyo uso uliopaswa kuonekana kuliko yote umemezwa na mshono.

6. Mtu mzima anayeyeyuka

Ama hayupo, ama anafika ukurasa wa 30 na kumaliza kila kitu kwa sentensi moja. Mtoto anahitaji kuona kuambia kunavyokwenda: mwalimu anachuchumaa mpaka macho yalingane, anasikiliza, anasema anaamini. Anazungumza na kila mmoja kivyake. Baada ya siku chache anarudi kuuliza hali ikoje. Na kwa kuwa wapo watu wazima wasiosikiliza, kiwepo angalau kitabu kimoja kati ya vyenu ambamo wa kwanza anasema "nendeni mkacheze" na mtoto anamwendea wa pili. Bila hicho, mtoto aliyepuuzwa mara moja anahitimisha kwamba milango yote imefungwa.

7. Wanyama mahali pa watoto

Hatusemi wanyama waondolewe. Ila mjue kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana, wengine ikiwa na wahusika binadamu, wengine wanyama waliovishwa nguo. Waliosomewa ile ya binadamu waligawa stika zao zaidi baadaye. Wale wa wanyama hawakuongeza ukarimu wao. Kama somo ni tendo ambalo mtoto alifanye kesho asubuhi, mtendaji awe mtoto.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema kitabu ni sanaa, si kitini cha semina. Tunakubali, na ndiyo maana hatuombi maneno zaidi. Ukurasa wa mtetezi unaweza kuwa na picha tupu bila neno. Hadithi inayokata njia ikifika penye ugumu ndiyo yenye kasoro ya sanaa.

Mtasema kurasa za nyongeza ni gharama. Hatujaomba hata moja. Jozi nane za mateso zikiwa nne, zimepatikana nne za kutenda, kurasa zikibaki zilezile 32.

Mtasema watoto hupenda sehemu za vituko. Wanazipenda, naam, na wanaziigiza mchana uleule uwanjani, pamoja na majina ya kudhihaki mliyoyatunga kwa vina ili yakae kichwani. Tusi lenye vina ni tusi mlilowafundisha. Mwandishi anaweza kuonyesha kwamba jina baya limetamkwa, kwa uso wa aliyelisikia, bila kulitaja.

Mtasema kila mswada umepitiwa na mtaalamu. Mara nyingi mtaalamu hupewa maneno, au hupewa kazi michoro ikiwa imeshakamilika na hakuna kinachoweza kubadilishwa. Na yale maswali mnayoyaweka nyuma kwa ajili ya mzazi, ya aina ya "Je, ni vizuri kumcheka mwenzako?", yana jibu moja tu ambalo kila mtoto analijua kabla ya kufungua kitabu.

Tunachoomba

a) Katika kila kitabu kipya kuhusu uonevu, angalau jozi 4 za kurasa zionyeshe hatua zinazochukuliwa na yanayofuata baada yake, na tendo la kwanza la utetezi litokee kabla ya katikati ya hadithi.

b) Mtaalamu wa malezi na mwalimu wa awali waitwe wakati wa kitabu cha mfano, michoro ikiwa bado ya penseli, na wapewe maneno na picha kwa pamoja.

c) Kabla ya kwenda mitamboni, kitabu cha mfano kisomwe kwa vikundi vidogo vya watoto wa umri unaolengwa, bila maelezo. Kisha waulizwe: Nani alifanya nini? Ukurasa upi ulikupendeza zaidi? Kama ungekuwepo pale, ungefanya nini? Wengi wakichagua ukurasa wa dhihaka, au jibu la tatu likiwa "ningempiga", kitabu hakijawa tayari.

d) Jopo la wahariri lihakiki kwamba picha na maneno hayapingani kwenye nyuso za watazamaji, ukurasa kwa ukurasa.

e) Vitabu vilivyokwisha kutoka na ambavyo mwonewa anaomba radhi, au anakubaliwa kwa kumwokoa mwonevu, virekebishwe kabla ya kuchapishwa upya. Isipowezekana, visichapishwe tena.

f) Mtupe jibu la maandishi, la wazi, kabla ya Alhamisi ya kwanza ya Novemba, ambayo UNESCO imeiweka kuwa siku ya kimataifa ya kupinga ukatili na uonevu shuleni, likieleza ombi lipi mmelikubali, lipi mmelikataa na kwa sababu gani.

Tuko tayari kukaa na wahariri na wachoraji wenu siku yoyote mtakayotupangia, kitabu cha mfano kikiwa mezani, na kuwakutanisha na madarasa ya kukijaribu bila malipo.

Wenu katika kuwalea wasomaji,

Walimu wa madarasa ya awali, wakutubi wa maktaba za watoto na wazazi